Kuhusu Mstari wa Saba wa Barua Yangu

Nyumba ya Wafanyakazi, Mlango wa Tatu,
Nyuma ya Karakana ya Viungo Bandia.
Jumanne, tarehe 9, mwezi wa kumi.

Mpendwa Kaka yangu mkubwa,

KUHUSU: MSTARI WA SABA

Awali ya yote nakuamkia kwa heshima unayostahili, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u buheri wa afya, wewe pamoja na shemeji, wanao, na Mama yetu mzazi, ambaye bila shaka ameketi sasa hivi kwenye kiti chake cha kamba akiuliza kama tarishi amepita. Mgongo wake unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyopewa zahanati anaitumia, au bado anampaka paka? Na Shangazi, macho yake yanaona hadi wapi siku hizi? Sisi huku hatujambo. Mke wangu alishikwa na homa mwezi wa saba, ikapita. Binti mkubwa ameongezeka kimo hadi sketi zake zote zimeshushwa pindo. Binti mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa akitamka jina lake hutoka mluzi. Mimi ni mzima, isipokuwa usingizi.

Natambua ya kuwa barua ya ndugu kwa ndugu haiwekewi kichwa cha habari. Hiki nimekiweka kwa makusudi, ili usije ukaisoma barua hii kwa kurukaruka kama ulivyozoea, ukachukua salamu na kuliacha jambo. Lengo langu la kwanza ni kukueleza kwa ukamilifu yaliyotupata mimi na familia yangu katika kazi hii ya kujitolea ugenini, mema na mabaya. Lengo la pili ni kuomba uamuzi wako, ambao nimeuandika mwisho kabisa.

Nianzie kwenye picha. Ile iliyo sebuleni kwako juu ya redio, ambapo umepiga goti na umeshika mguu bandia wa mama mmoja mwenye gauni la madoa meupe. Picha hiyo ndiyo iliyotuleta huku. Binti yangu mkubwa, tangu akiwa na miaka kumi na miwili, akija kwako hupitia kwanza kwenye picha ndipo akuamkie wewe. Siku ile ya Jumapili ulipotuita, ukatueleza kwamba karakana uliyowahi kuitumikia inatafuta seremala mwenye familia kwa kuwa wenye familia hutulia, sisi tulikuwa tumekwisha kukubali kabla hujafika kwenye swali.

"Mwaka mmoja tu," ulisema. "Mwaka ni nini? Ni kulala na kuamka."

Mke wangu akakuuliza, "Na shule ya binti, shemeji? Amebakiza madarasa mawili."

"Mwalimu mkuu nimeshaongea naye. Nafasi yake itamngoja mwaka mmoja, wala asizidishe."

Naomba uyakumbuke maneno hayo, kwa kuwa nitayarudia.

Mchana ule ule, mezani kwako, niliiandika barua ya maombi kwa wino mweusi. Wewe unajua nilikoisomea lugha hii. Sikuisomea darasani. Misumari ya duka la vifaa ilikuwa ikifungwa kwa barua kuukuu za ofisini, nami kila nikifungua robo kilo niliisoma karatasi kabla ya kuishika nyundo. Huko ndiko nilikokutana na "rejea barua yako" na "ninayo heshima kukuarifu". Marehemu Baba alikuwa akisema nitaimaliza misumari ya mji mzima nikiutafuta mwisho wa barua moja. Basi katika mstari wa saba niliandika: "Nipo tayari kujitolea pamoja na mke wangu na binti zangu wawili kwa muda wa", kisha nikaweka nukta ishirini na nne kwa rula, kwa sababu ulisema utampigia Msimamizi simu kwanza akupe tarehe kamili za kuanza na kumaliza. Chini nikatia saini mapema, ili usipate usumbufu wa kunirudishia karatasi.

Kaka, mimi ndiye ninayewaonya majirani wasitie saini kwenye karatasi yenye nafasi wazi. Nimewaonya wajane, nimewaonya wenye viwanja. Kinyozi hajinyoi. Lakini pia sikudhani ya kuwa nafasi ikiwa mkononi mwako ni nafasi wazi.

Tulipofika tulipewa chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa pazia. Dirisha moja linatazama kamba za kuanikia shuka za wagonjwa, la pili linatazama ukuta. Maji hutoka bombani hadi saa tatu asubuhi, baada ya hapo ni kusubiri kesho. Binti mdogo alilia siku tatu kwa ajili ya paka wa Mama, siku ya nne akapata rafiki, akasahau hata kwamba ana wazazi. Mke wangu alipewa cherehani ya kushonea mikanda ya kufungia miguu. Wiki ya pili aligundua kwamba mikanda inawachubua watu kwa sababu mshono unaelekezwa ndani, akaugeuza ukatazama nje. Sasa mikanda yote ya karakana inashonwa hivyo, na wanaiita "ya Mama". Nilijivuna kupita kiasi, nakiri.

Mimi nilianza vibaya. Mguu wangu wa kwanza ulizidi kwa unene wa kidole kimoja, na mzee aliyeuvaa alizunguka uwanja kama mtu anayepanda ngazi ambayo sisi wengine hatuioni. Msimamizi, mama mrefu mwenye miwani ya kamba shingoni, alinivuta pembeni. "Fundi," akasema, "meza ikiyumba unaweka karatasi chini ya mguu. Mtu hapana." Nikaanza upya kama mwanafunzi. Mezani pangu nikabandika karatasi yenye utaratibu wa vipimo, wenye vifungu na vifungu vidogo, na kwa ajili hiyo mafundi wakanipa jina la Bwana Kumbukumbu Namba. Sikukasirika. Ni jina lenye utaratibu.

Jina lako, Kaka, nililisikia siku ya kwanza nisijue kuwa ni lako. Mpiga plasta, mtu mfupi mwenye mikono myeupe hadi kwenye viwiko, aliniuliza mbele ya wenzake, "Eti unamjua Jumatatu?"

"Jumatatu ni nani?" nikauliza.

Wakacheka wote. "Utamjua tu," akasema. "Usiwe na haraka. Yeye mwenyewe hakuwa nayo."

Nilielewa taratibu. Jambo lisilotarajiwa kukamilika, hapa karakanani huitwa la Jumatatu. Bomba lililovunjika la Jumatatu. Mshahara wa mlinzi wa Jumatatu. Nikajiambia ni utani wa mafundi, kila kazi ina utani wake. Hata mimi nikacheka. Nimecheka pamoja nao miezi miwili mizima, nikikucheka wewe mbele ya wageni bila kujua, na kwa hilo naomba radhi.

Mwezi wa tatu nilipewa kusafisha rafu za nyuma, zinakowekwa kalibu za plasta, yaani zile sanamu za vigutu vya watu ambazo juu yake ndipo mguu unapochongwa. Nyuma kabisa nilikuta moja yenye vumbi la miaka, imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Mama Vifungo, kushoto, chini ya goti. Jumatatu." Niliujua mwandiko kabla sijayajua maneno. Hakuna mtu mwingine chini ya jua ambaye k zake zina mkia kama mpini wa kikaango. Ndipo nikajua Jumatatu ni nani.

Nikaenda kwenye daftari. Mama Vifungo ameandikiwa "amekamilishiwa", kwa mwandiko ule ule.

Jumamosi yake nikamchukua binti mkubwa tukaenda kumtafuta. Hukaa kwenye lango la soko la nguo, na kazi yake ni kushona vifungo vilivyokatika, mtu akiwa amesimama hapo hapo na shati lake mwilini. Binti akanishika mkono tulipokuwa bado mbali. "Baba, ni yule wa kwenye picha." Kisha akatazama chini ya meza yake, akauachia mkono wangu.

"Shikamoo mama," nikasema. "Natokea karakana. Nimekuja kuhusu mguu wako wa kushoto."

Hakuinua uso. Alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano. "Mguu gani? Daftari lenu linasema ninao."

"Limekosea, mama."

"Nilikuja huko mara mbili na magongo yangu. Mara ya kwanza kijana wa daftari akanionyesha maandishi. Mara ya pili nikamwambia basi, labda ninao ila siuoni. Nikarudi kwenye vifungo."

Binti akauliza kwa sauti ya chini, "Na ile picha?"

"Ule ulikuwa wa kuazima, mwanangu. Wa dereva mmoja. Alikuwa ameketi pale kwenye benchi anangoja waimalize picha, auvae aende kazini."

Njia nzima ya kurudi binti alitembea hatua kumi mbele yangu. Ningependelea aniulize kitu.

Nilikuandikia wakati ule, utakumbuka, barua fupi na ya adabu, nawe ukajibu kwamba hayo ni mambo ya zamani na kwamba ulikusudia kurudi kuumaliza. Nikakuamini. Msimamizi aliponisimulia kuwa uliaga ghafla kwa sababu Mama mzazi alikuwa mahututi, nikanyamaza. Mwaka ule, Kaka, Mama alipanda juu ya paa mwenyewe kuziba tundu kwa lami, na ngazi nilimshikia mimi. Nilinyamaza hata hivyo, kwa sababu ndugu hafukuliwi mbele ya watu.

Mguu wa Mama Vifungo niliuchonga mimi. Ilinibidi nipige plasta upya, kwa kuwa kigutu cha mtu hubadilika umbo kadiri miaka inavyopita, na kalibu yako haikuwa tena ya mtu yeyote aliye hai. Ulichukua wiki tano. Siku ya kuuvaa alizunguka uwanja mara mbili akiwa ameshika bega la mke wangu, mara ya tatu akaliachia, mara ya nne akapita kwenye geti akaendelea na barabara. Tulimtazama mpaka akakata kona. Mpiga plasta akasema, "Huyo ameenda na kiatu chetu cha majaribio." Hakuna aliyemfuata. Kesho yake asubuhi alirudi kwa miguu yake, amebeba kiatu chetu kwenye mfuko, na vifungo hamsini vya rangi mchanganyiko kwa ajili ya mke wangu. Akaniambia, "Mwambie kaka yako nimekuja mwenyewe."

Siku hiyo, Kaka, nilikuwa nimekwisha kukusamehe. Nataka ulielewe jambo hili vizuri. Ya picha na ya daftari niliyafuta mwezi wa tano, na kama yangekuwa hayo tu, barua hii ingekuwa ya salamu na ya meno ya binti mdogo.

Mwezi wa tisa, kwa kufuata taratibu, nilimwandikia Msimamizi kumkumbusha kwamba mwaka wetu unakaribia kumalizika, nikamshukuru kwa aya mbili, nikapendekeza tarehe ya kuondoka. Aliniita ofisini kabla ya chai. Karatasi yangu ilikuwa mbele yake, na jalada jingine kando.

"Fundi, mwaka gani unaisha?"

"Wetu, Mama. Tuliokubaliana."

Akaligeuza jalada likanielekea. "Soma mwenyewe. Wewe ndiye bingwa wa barua."

Ilikuwa barua yangu. Wino mweusi, pambizo iliyonyooka, saini yangu chini. Na kwenye mstari wa saba, juu ya nukta zangu ishirini na nne, kwa wino wa bluu: "miaka mitatu, nikikamilisha muda uliobaki wa kaka yangu, na sitaomba kuondoka kabla". Maneno yako hayakutosha kwenye nukta. Yalipanda pambizoni, yakageuka, yakaendelea kuelekea juu. K zote zina mikia.

Msimamizi akanieleza, kwa kudhani nayajua, kwamba wewe uliwaahidi miaka mitano, wakakufundisha kazi hii ambayo huijui tena, ukatumikia miwili. Kwamba walikuandikia kukuuliza hiyo mitatu utaitimiza lini. Kwamba ulijibu: nitamleta mdogo wangu.

Aliponiuliza nina la kusema, nilijibu, "Saini ni yangu." Hilo, Kaka, lilikuwa neno pekee la kweli ambalo lisingekuvua nguo.

"Sikuuliza saini," akasema. "Nauliza wino wa bluu ni wa nani."

Nikalifunga jalada, nikamrudishia. Akaivua miwani, akaifuta, akasema, "Basi nimekuelewa," na tukanywa chai.

Mke wangu nilimkuta chumbani kwetu kwenye cherehani. Nilimweleza nikiwa nimesimama, akaacha kukanyaga lakini hakuondoa mkono kwenye kitambaa. "Kwa hiyo shemeji alituazimisha," akasema. "Kama mguu wa yule dereva. Picha ipigwe, yeye apendeze." Kisha akaendelea kushona. Siku hiyo alishona mikanda kumi na moja, na mishono yote iligeukia ndani. Akaifumua kesho yake.

Binti mkubwa alikuwa nyuma ya pazia na kitabu chake cha hesabu. Alitoka na kusema jambo moja, nami naliandika hapa kama alivyolisema, bila kulinyoosha. "Baba, baba mkubwa ndiye aliyeongea na mwalimu mkuu. Nafasi inangoja mwaka mmoja, alituambia mwenyewe. Na ndiye aliyeandika mitatu. Kwa hiyo alijua."

Nimejaribu kuitafutia hoja hiyo jibu tangu siku ile. Mimi, ambaye majirani huniletea kesi zisizo na jibu nikazipatia vifungu vitatu, hoja ya mtoto wa miaka kumi na sita imenishinda. Ulijua.

Nilikupigia simu, ukapokea mara ya tatu. Uliniambia, "Kwani si unaipenda hiyo kazi? Nasikia watu wanakusifia."

Nikasema, "Ungeniuliza, Kaka."

"Ningekuuliza ungeanza kuandika barua." Ukacheka. Halafu ukasema, "Mimi na wewe damu moja, mdogo wangu. Niliyoahidi mimi ni kama umeahidi wewe. Sasa niko na wageni, nitakupigia Jumatatu."

Zimepita Jumatatu nne.

Hapa niseme lililonikosesha usingizi, nalo si miaka mitatu. Kazi hii naipenda kweli, hukukosea. Ungeniita pembeni ukaniambia, mdogo wangu, niliahidi nikakimbia, naona aibu, nisaidie, ningeshauriana na mke wangu, na huenda ningekupa miaka yote mitatu na salamu juu. Ningempeleka binti kwa Shangazi asome, ningejua namuacha kwa sababu gani. Ulichokichukua ulikuwa unaweza kukiomba. Ndiyo maana nashindwa kukiita kwa jina lolote kati ya yale niliyojifunza kwenye karatasi za misumari. Mtu baki akinidanganya nitasema kanidanganya. Wewe ulitumia maneno yangu mwenyewe, mwandiko wangu mzuri uliokuwa ukiusifia mbele ya watu, ukapenyeza mkono pale nilipokuachia nafasi kwa kuwa wewe ni kaka.

Sasa nieleze hali ilivyo, kwa ufupi.

Kwa kutegemea barua ile, Msimamizi alinipa watu wengi kuliko fundi wa mwaka mmoja. Rafuni kuna kalibu kumi na tisa zenye mwandiko wangu, na kila moja nimeiandika tarehe kamili, si siku ya wiki. Hao nitawamaliza kabla ya mwaka kwisha. Nimekwisha kupanga, hata ikibidi nile nikiwa nimesimama. Jambo lisilo katika uwezo wangu ni miaka miwili inayobaki. Msimamizi ni mwadilifu. Amesema hawezi kunifunga kamba. Lakini nikiondoka kwa barua iliyopo jaladani, atalazimika kuandika kwamba nimevunja ahadi, kwa sababu ndivyo karatasi inavyosema. Ametoa njia mbili za kutuachilia tukiwa safi. Ama wewe uje mwenyewe uchukue benchi hili na kumaliza muda wako. Ama uandike, kwa mkono wako, kwamba maneno ya bluu katika mstari wa saba ni yako na kwamba mimi sikuyajua. Naye atatafuta fundi mwingine.

Ukinyamaza, tumeshaafikiana mimi na mke wangu. Yeye na watoto watarudi kabla shule haijafunguliwa, ili binti asiipoteze nafasi, nami nitabaki peke yangu miaka miwili kuilinda saini ambayo ni yangu. Binti mdogo atakuwa ameota meno yote mapya nikiwa sipo. Mke wangu ameshaanza kupunguza vitu vya kufunga; vile vifungo hamsini amevishona vyote kwenye sweta moja kubwa, langu, kila kimoja na rangi yake, na ameniambia nitakuwa navihesabu nikikosa wa kuzungumza naye. Alisema kwa utani. Hatukucheka.

Naomba jambo hili lisimfikie Mama kwa njia yoyote isipokuwa kinywa chako. Sijamwandikia, na sitamwandikia. Akikuuliza tarishi ameleta nini, mwambie meno ya binti mdogo, na uyaeleze vizuri, atapenda.

Msalimie sana shemeji. Mwambie ule mkeka wake tunaulalia mpaka leo, haujachanika hata pembe moja. Wasalimie wanao, hasa yule wa kati aliyekuwa akiniomba barua za kuombea ruhusa shuleni, mwambie nimestaafu. Mshike Shangazi mkono kwa niaba yangu. Paka wa Mama anasalimiwa na binti mdogo, amesisitiza niandike. Binti mkubwa ameniomba nisiandike salamu zake kwako, nami nimeona ni haki yake. Mwenyezi Mungu akulinde, auponye mgongo wa Mama, na aizidishie nyumba yako amani, ambayo nakuombea kwa moyo mmoja, kwa kuwa nyumba hiyo ni yetu sote.

Pamoja na barua hii nimeambatanisha bahasha yenye anwani ya Msimamizi na karatasi moja. Karatasi ni tupu toka juu hadi chini. Sikukutungia rasimu, sikuweka nukta, na chini hakuna saini ya mtu. Wala lugha yako sitaisahihisha.

Msimamizi anangoja hadi tarehe 26 ya mwezi ujao. Nimeangalia kalenda: ni Jumatatu. Tarehe hiyo sikuichagua mimi.

Kwa heshima naomba unijulishe uamuzi wako, Kaka: unakuja, au unaandika?

Mimi mdogo wako, ambaye hajaacha kukupenda,

Fundi seremala,
Karakana ya Viungo Bandia.